Rapore ya Maji Iliyosomwa Mlangoni Kwetu

Mtoto wangu wa pili alizaliwa wiki ileile ambayo rapore, yaani taarifa, ya mwaka ya maji ilitakiwa kufika komine, ofisi ya serikali ya eneo letu. Sikupanga hivyo. Nilikuwa nimepanga vizuri kabisa: kwanza asamble, mkutano wa watumiaji wa maji, halafu sahihi, halafu rapore iteremke mjini, kisha mimi nikae nisubiri uchungu, miguu nimeiweka juu ya mto. Mtoto akaona ni heri yeye atangulie.

Tunakaa mlimani, juu ya Kiriri, pale lami inapokatika na nyumba kubwa zenye walinzi zinapoacha kuonekana. Mabomba ya mjini hayapandi mpaka kwetu. Maji yetu yanatoka kwenye chemchemi iliyo juu zaidi, yanateremka mpaka kwenye tangi la saruji, kisha kwenye robine za mtaa, yaani bomba za kuchotea. Wenyeji wenyewe ndio wanaoyasimamia kwa shirika lao dogo. Kila nyumba inachangia kidogo kila mwezi, na fedha hiyo inamlipa fundi wa mabomba, inanunua vipuri, na ikibaki inawekwa kwa ajili ya siku mbaya.

Mimi nilikulia Buyenzi, mtaa wa mjini alikohamia mama yangu kutoka ng'ambo, Kongo, katikati ya gereji na kelele za nyundo. Nilisoma uhasibu sekondari, nikapata kazi kwenye duka la rangi mjini, nikaolewa, nikapanda mlima kwa mume wangu. Siku niliyochaguliwa kuwa trezoriye, yaani mtunza fedha wa shirika la maji, nilikuwa nimeenda mkutanoni kulalamika juu ya foleni tu. Perezida wa shirika, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote kabla ya magoti kumkatalia, aliuliza nani amesoma mambo ya hesabu. Jirani yangu akanisukuma mgongoni kwa kiganja kizima. Nikajikuta nimesimama.

Mwaka wangu wa kwanza, komine ilimtuma mama mmoja anayeshughulikia mashirika ya maji ya milimani aje atufundishe. Sisi sote tunamwita Madamu. Ni mrefu, anavaa miwani yenye mnyororo, na hacheki kirahisi. Nilidhani atatuletea karatasi za kujaza na kuondoka. Badala yake alikaa kwenye benchi pamoja nasi, akavua viatu vilivyojaa matope, akasema:

"Hii rapore si yangu. Mi nakuja kuichukua tu. Rapore ni ya yule anayebeba bido ya maji kichwani."

Akaeleza. Rapore ya mwaka iseme kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Iseme pia shirika lina mali gani, kuanzia tangi mpaka funguo za fundi, na mali hiyo iko katika hali gani. Watumiaji wawili wasio wa kamati waikague. Halafu, na hapo aliinua kidole, yule aliyeiandika aisome mwenyewe mbele ya watumiaji, kwa lugha wanayoongea, ajibu maswali yao, nao wainue mikono kukubali au kukataa. Baada ya hapo ndipo sahihi ziwekwe na rapore ipelekwe komine kabla mwezi wa tatu haujaisha. Shirika lisilofanya hivyo linaandikwa kuwa limelala. Na shirika lililolala, ombi lake lolote linangoja mpaka liamke.

Mwaka ule wa mtoto, tulikuwa na ombi. Tulitaka robine ya tatu, kwa ajili ya nyumba za njia ya juu. Akina mama wa kule walikuwa wanateremka mpaka robine ya chini na kupanda tena na bido, na mvua za masika zikianza, udongo wa njia ile unateleza kama sabuni. Mmoja wao, muuza nyanya aliyekimbia vita Kongo na kupanga chumba huko juu, alianguka akavunjika mkono. Alikaa wiki nyingi bila kuuza. Baada ya hapo hakuna mtu aliyebisha tena kwamba robine inahitajika. Ilibaki komine kutoa ruhusa, na ruhusa ilikuwa nyuma ya rapore.

Basi niliiandika kwa moyo wote. Jumapili baada ya misa nilikuwa nakaa kwenye meza ya chakula, tumbo limenizuia kuifikia meza yenyewe, naandika kwa mkono ulionyooka kama mtu anayelisha mbuzi mkali. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi, alikuwa akipita nyuma yangu na kuguna.

"Kazi gani hii isiyolipwa?" alisema siku moja. "Mutu ana mimba, anagombana na kartasi."

"Mama, sigombani."

"Basi mbona umekunja uso?"

Mama mkwe ni mtu wa mlima huu tangu kuzaliwa. Alichota maji kwenye chemchemi kabla hakujawa na bomba lolote, na kwa macho yake, maji ni kitu cha Mungu na cha mabega. Karatasi inaingiaje hapo? Hakuwa mkali kwangu, ila tulikuwa kama watu wawili wanaotumia jiko moja kwa zamu. Tuliheshimiana, tukapishana.

Asamble ilikuwa imetangazwa kwa Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa. Mtoto, msichana, alikuja Jumatano asubuhi, mbio mbio, nusura azaliwe kwenye teksi. Ijumaa tulikuwa nyumbani. Nililala kitandani nikimnusa kichwa, nikiwa na furaha ile nzito inayokufanya usitake hata kugeuza shingo. Rapore ilikuwa juu ya kabati, imekaguliwa, imekamilika. Nilikuwa naiona kutoka kitandani. Kila nilipoiona, nilifumba macho.

Alasiri ile perezida akapanda na fundi wa mabomba. Niliwasikia uani wakimpongeza mama mkwe, wakiuliza mtoto ana kilo ngapi, wakizunguka zunguka. Mwishowe mzee akakohoa.

"Mama, tuko na shida kidogo. Kesho ni asamble."

"Nasikia."

"Trezoriye ndiye anasoma rapore."

"Mukazana wangu hatoki," mama mkwe alisema. Mukazana ndiye mke wa mwana. "Mutoto hata kitovu hakijaanguka. Mama bado ni mubichi. Atoke aende kukaa kwenye upepo wa kanisa, watu wamuangalie? Apana."

"Hatuwezi kusogeza siku," mzee alisema kwa unyonge. "Mwezi unaisha. Na tangazo jipya linataka wiki nzima."

"Msome nyinyi. Hamujui kusoma?"

Fundi akaeleza kwamba walikuwa wameshampigia simu Madamu kuuliza kama katibu anaweza kusoma. Madamu alijibu kwamba kanuni inasema aliyeandika ndiye anayesoma, kwa sababu ndiye anayeweza kujibu. Akaongeza kwamba anampa hongera mama, na kwamba mtoto hakufanya kosa lolote, lakini kanuni pia haikufanya kosa.

Mimi ndani nilikuwa nimeinuka kwenye kiwiko. Nilijishangaa, kwa sababu nilidhani nitashukuru kupata kisingizio, kumbe machozi yalikuwa yananitoka. Nilitaka kuisoma. Nilikuwa nimetafuta neno la Kiswahili na la Kirundi kwa kila mstari. Nilitaka yule muuza nyanya asikie kwa masikio yake kwamba jina la njia yao limo.

Halafu nikamsikia mama mkwe akivuta kiti, akakaa.

"Nyinyi kesho si mungekuja kuhemba?"

Kwetu mtu akijifungua, majirani wanakuja kumhemba: wanaleta vinywaji, sukari, unga wa uji, wanakaa, wanamtazama mtoto na kusema anafanana na nani.

"Tungekuja, Mama, kesho kutwa labda," perezida alisema.

"Apana, kuja kesho. Wote. Walete vitu vyao, wahembe. Na wakiwa hapa, hiyo rapore yenu isomwe. Yeye atakaa ndani ya mulango. Ndani, si nje. Sauti si inatoka yenyewe?"

Mzee alicheka mpaka akaegemea ukuta. Fundi alikuwa ameshaanza kuteremka kwenda kubadilisha mahali kwenye tangazo.

Jumamosi mume wangu aliamka mapema, akafagia uwanja wetu, akaazima mabenchi kanisani na turubai kwa rafiki yake wa gereji ya Buyenzi, lile bluu lenye madoa ya mafuta. Nilivaa kitenge kipya. Mama mkwe aliweka kiti changu nyuma kidogo ya kizingiti, akakisogeza, akapima kwa macho, akakisogeza tena ndani, mpaka akaridhika kwamba hata kidole changu cha mguu hakikuwa nje ya nyumba. Kisha akachukua mtoto, akakaa kwenye mkeka kando yangu.

Watu wakaanza kufika. Nilikuwa nimezoea asamble za uwanja wa kanisa, watu wachache wamekunja mikono, wengine wakiangalia simu. Siku ile walikuja na vikapu. Waliingia wakipiga vigelegele. Kreti za fanta zilipangwa chini ya dirisha, na mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa mbali na watoto. Watu wa njia ya juu waliteremka karibu wote, na muuza nyanya mbele, mkono wake umepona lakini bado ameubana kifuani kwa mazoea. Aliniletea nyanya zilizofungwa kwenye kanga. Kila mtu alipita kwanza kumwona mtoto, halafu akaandika jina lake kwa katibu, kwa sababu orodha ya waliohudhuria ilikuwa lazima. Nadhani hakujawahi kuwa na mahudhurio kama yale.

Madamu alifika wa mwisho, kwa pikipiki, ameshika mkoba wake kifuani. Alisimama langoni akitazama turubai, kreti, watoto wanaokimbia.

"Hii ni asamble ama ni sherehe?"

"Ni asamble, Madamu," perezida alisema, "lakini imezaa."

Hakucheka. Alivuka uwanja akaja mpaka mlangoni. "Mkutano lazima uwe mahali pa wazi. Kila mutumiaji aweze kuingia."

"Lango limefungwa?" mama mkwe alimuuliza kutoka kwenye mkeka.

"Apana."

"Kuna mutu amefukuzwa?"

"Apana, Mama."

"Na we mwenyewe si umeingia? Kaa basi. Watakuletea fanta."

Madamu akakaa. Akapewa fanta.

Nikasoma. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo, mwili ulikuwa bado hauna nguvu, lakini mstari baada ya mstari ikanyooka. Nilisoma Kiswahili, na pale nilipoona nyuso za wazee zimetulia mno nikarudia kwa Kirundi. Michango iliyoingia. Mshahara wa fundi. Saruji ya kuziba ufa wa tangi. Niliposoma kwamba bomba la korongoni lilitengenezwa mara mbili mwaka ule, muuza nyanya akainua mkono wake ule ule.

"Trezoriye, samahani, hongera tena kwa mutoto. Lakini bomba moja, mara mbili? Sisi huko juu tukiambiwa feza ya robine bado, kumbe feza iko inaingia kwenye shimo moja?"

Minong'ono ikapanda. Nilimwambia ukweli kama nilivyouandika: mara ya kwanza bomba lilizikwa juu juu, mvua kubwa ikachimba udongo, likatolewa nje kama mfupa. Mara ya pili wakachimba chini zaidi na kuweka mawe.

"Na kwa nini hawakuchimba chini mara ya kwanza?"

Hapo nikamtazama fundi. Alisimama, kofia mkononi. "Nilitaka maji yarudi siku ile ile," alisema. "Watu walikuwa wananipigia kelele. Nikafanya haraka. Nimejifunza." Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba kweli, hata yeye alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Watu wakacheka, na muuza nyanya akaitikia kwa kichwa, akasema sawa, amesikia, iandikwe tu kwamba bomba la robine yao lizikwe chini tangu mwanzo. Katibu akaandika.

Tukafika kwenye mali za shirika. Nilieleza kwamba tangi letu lina thamani fulani, na kwamba kila mwaka tunapunguza kidogo kwa ajili ya uchakavu. Mama mkwe, ambaye nilidhani amesinzia na mtoto, akainua kichwa.

"Ngoja. Hiyo feza ya uchakavu, nani ameichukua?"

"Hakuna aliyeichukua, Mama."

"Imeenda wapi basi?"

Ni swali ambalo hata shuleni lilitusumbua. "Haijaenda mahali, Mama. Ni tangi lenyewe linazeeka. Kila mwaka tunaandika limezeeka kiasi gani, tujue mapema. Siku likifa tusishangae kama vile limekufa ghafla."

Alimpapasa mtoto mgongoni. "Ni vizuri," alisema. "Basi niandikeni na mimi."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Perezida alijifuta machozi. Na Madamu, niliona kwa macho yangu, aliinamisha uso kwenye chupa ya fanta na mabega yake yakawa yanatikisika.

Mtoto aliamka kwa kelele ile akaanza kulia, nami nikamnyonyesha huku nikimalizia ukurasa wa mwisho, ule wa ombi la robine ya tatu. Niliusoma polepole. Perezida aliuliza wanaokubali rapore wainue mikono, na mikono ikapanda chini ya turubai, mingine ikiwa bado imeshika chupa. Mama mkwe aliinua wake. Kisha akanyoosha mkono, akaushika mkono mdogo wa mtoto kwa vidole viwili, akauinua nao.

"Huyo bado si mutumiaji," Madamu alisema, akihesabu.

"Tangu Ijumaa anaogeshwa na maji gani?"

Madamu akaendelea kuhesabu, lakini nadhani alipita mara mbili upande wetu.

Mvua ilianguka tulipokuwa tunaweka sahihi. Turubai likajaa maji katikati, likaanza kushuka, na watu wote waliosalia wakakimbilia ndani ya nyumba. Sebule yetu ni ndogo. Tulibanana kama nguo kwenye sanduku, na perezida akiwa ameweka rapore ndani ya shati lake. Madamu alijikuta chumbani, kwenye ukingo wa kitanda changu. Mama mkwe alimpa mtoto amshike, bila kumuuliza, kwa sababu alihitaji mikono ya kumwaga uji. Nilimwona Madamu amekaa wima, miwani imeteleza puani, akimwimbia mtoto kitu kwa Kirundi, sauti ya chini. Aliniambia baadaye, tukinywa uji, kwamba wa kwake wameshakuwa wakubwa, mmoja yuko ng'ambo, na kwamba alikuwa amesahau uzito wao.

"Umeisoma vizuri," akasema wakati wa kuaga. "Watu wameuliza. Hiyo njo maana ya rapore."

Jumatatu perezida aliteremka nayo mjini, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, akarudi na nakala iliyopigwa muhuri wa komine. Alinipitishia mlangoni niishike. Sikuwa bado nimetoka nje. Niliutazama muhuri ule wa rangi ya zambarau kwa muda mrefu kuliko inavyostahili muhuri.

Ruhusa ya robine ilichukua muda, kama vitu vya ofisi vinavyochukua muda, lakini ilikuja. Walichimba wakati wa kiangazi, wanaume wa njia ya juu wenyewe, chini kabisa, wakimwita muuza nyanya kila mara aje apime kwa fimbo. Siku maji yalipofunguliwa yalitoka kwanza ya kahawia, yakakohoa, yakatulia, yakawa safi. Nilikuwa nimepanda na mtoto mgongoni. Muuza nyanya alijaza bido yake, akaiinua akaiweka kichwani, akatembea hatua chache tu mpaka mlangoni kwake, akaiweka chini. Kisha akarudi kujaza nyingine, si kwa haja, nadhani, ila kwa raha ya kutembea karibu vile.

Siku hizi mtoto yule anasoma shule, anakaa benchi la mbele na ana maswali mengi. Mimi bado ni trezoriye. Nimejaribu kuachia kiti, lakini kila nikisema hivyo watu wanaangalia miguu yao. Asamble imerudi kwenye uwanja wa kanisa. Mama mkwe haikosi hata moja. Ananunua kitenge kwa ajili yake, anafika kabla ya kamati, anakaa mbele. Wiki moja kabla, tukimenya viazi pamoja jikoni, huwa ananiambia nimsomee rapore kwanza, ukurasa kwa ukurasa, naye ananisimamisha: na hii ni nini, na hii imeongezeka kwa nini? Mara nyingine swali lake linanirudisha mezani kubadilisha sentensi iwe nyepesi. Viazi vinachelewa kuiva. Mume wangu anarudi kutoka kazini, anatukuta bado tuko kwenye vipuri vya fundi, anavuta kigoda, anachukua kisu na kumenya vilivyobaki.